Tairi la Tisa

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata jirani yangu, Mama Kicheko, ambaye nyumba yake na yangu zinachangia ukuta mmoja. Akikohoa kwake, mimi huku nasema pole. Kicheko ni jina tulilombandika mwanawe wa kunyonya, maana mtoto yule alikuwa akicheka hata akichomwa sindano.

Mumewe hukodisha viti na maturubai ya sherehe. Ana pikapu kuukuu ambayo mlango wa dereva haufunguki kwa ndani. Mpaka ushushe kioo, utoe mkono, ubonyeze kitasa cha nje. Kilichokuwa kikimkosesha usingizi ni tela la kuvuta nyuma. Basi asubuhi moja, jua limetulia na mtoto kashiba, wakaenda wote watatu kununua tela kwa mjane mmoja ambaye marehemu mumewe alikuwa fundi wa matairi.

Tela lilikuwa zima, la matairi manne. Na lilikuja na vyombo vyake vya kupimia upepo: vifuniko vidogo vyeusi vya kufunga kwenye pua ya kila tairi, pale pa kujazia upepo, na skrini ya kubandika mbele ya dereva, inayojichaji kwa jua. Kila kifuniko hupeleka habari kwenye skrini, kwamba tairi hili lina upepo kiasi gani na joto kiasi gani. Tairi likianza kuishiwa, skrini inalia. Mwenye kuvuta tela anajua faida yake. Tairi la gari likipasuka utalisikia kwenye usukani, lakini la tela linaweza kusagika hadi kwenye rimu na wewe huko mbele unapiga mluzi.

"Haisomi mbali," mjane aliwaeleza. "Kifuniko kikiwa mbali, skrini inaonyesha vistari tu. Kikisomeka, jueni kipo hapo hapo."

Skrini ilichora matairi manne ya pikapu na manne ya tela. Pembeni, peke yake, lilichorwa la tisa. Hilo lilikuwa na vistari.

"Na hili je, mama?" aliuliza Mama Kicheko.

"La spea. Kifuniko chake hakipo." Mjane alifuta mikono ambayo haikuwa na maji. "Mwenzangu alikuwa nacho mfukoni siku ile. Yuko chini ya tela, na aliyeshika usukani akasogeza gari kabla hajatoka. Wanangu, mtu akiwa chini, gari lisisogee mpaka muonane nyuso."

Njiani Mama Kicheko hakutulia. "Ungelifuta hilo la tisa." Mumewe alikuwa amekwisha kumwonyesha: unaipeleka alama ya kuchagulia kwenye tairi, unakibana kitufe cha pembeni, huachii, mpaka picha ya tairi ipotee.

"Liache. Linaomba chakula? Nikinunua kifuniko kingine nitalitumia."

"Sipendi kitu cha marehemu kinikodolee macho."

"Basi kigeuzie mgongo. Si ndivyo unavyonifanyia mimi tukigombana?"

Akacheka, na maneno yakaishia hapo. Siku iliyofuata alitia vifuniko vyao vyote vinane tone la rangi yake nyekundu ya kucha, visije vikachanganyika na vya watu gereji.

Safari yao ya kwanza na tela ilikuwa ya kupeleka viti kwenye sherehe. Ilikuwa mchana, na mvua nyembamba ilikuwa ikinyunya. Walifika mahali ambapo barabara imechongwa katikati ya kilima, kuta za udongo kushoto na kulia, ndipo skrini ikalia. Tela, nyuma, kulia. Mumewe alijibana pembeni kabisa kuwapisha wengine, hata mlango wa mkewe ukagusa udongo.

Walikuwa na utaratibu wao. Yeye hushuka, mke husogea kwenye usukani huku injini inanguruma. Mume akigonga bodi mara moja, simama. Akigonga mara mbili, sogea kidogo, tairi lizunguke, aone kama msumari umejificha upande wa chini.

"Lakini leo hata nikigonga usisogee," alimwambia dirishani. "Mpaka unione uso kwenye kioo cha pembeni. Umemsikia yule mama."

"Nimemsikia. Wahi, mtoto atalowa."

Alipandisha kioo cha dirisha, akawa anamtazama mumewe kwenye kile cha pembeni. Alimwona akifungua kifuniko, akipima kwa geji ya mkono, akitikisa kichwa.

"Upepo umejaa tele!" alipaza sauti. "Skrini yako mwongo!"

Akakitia kifuniko kwenye mfuko wa shati, kifuani. Kwenye skrini tairi la nyuma kulia likasoma sifuri ya upepo. Joto nalo likaanza kupanda polepole, mpaka likatua kwenye thelathini na saba. Joto la kifua cha mtu.

"Kicheko," alimnong'oneza mwanawe, "baba yako sasa ni tairi, tena halina upepo."

Mtoto akacheka. Mumewe akainama, akaingia chini ya tela. Kioo cha pembeni kikabaki na barabara tupu.

Ndipo vistari vya tairi la tisa vikafutika.

Upepo, sifuri. Joto, kumi na tisa. Hilo si joto la tairi lililotembea. Ni joto la udongo.

Kikisomeka, jueni kipo hapo hapo.

Bodi ikagongwa. Paa. Paa.

Mguu wake ulikuwa umekwisha kugusa pedali ya mafuta. Akautoa. Akatazama kioo cha pembeni. Hakuona uso.

"Baba Kicheko?"

Mvua tu juu ya bati la gari.

Paa. Paa.

Akatazama skrini. Tairi la mumewe lilikuwa thelathini na nne. La tisa lilikuwa ishirini na mbili. Akapepesa macho. Thelathini na moja. Ishirini na tano. Lile likishuka, hili linapanda. Kama watu wawili wanaovutana blanketi moja.

"Baba Kicheko, toka. Nakuomba, toka."

Sauti ikajibu, lakini haikutoka nyuma. Ilitoka chini ya nyayo zake, chini ya bati.

"Sogea."

Ilikuwa mnong'ono, na mnong'ono hauna mwenyewe. Ungeweza kuwa wa mumewe. Ungeweza kuwa wa yeyote.

Akajaribu mlango wa kushoto. Udongo. Akamkumbatia mtoto kwa mkono mmoja, kwa mwingine akashusha kioo cha upande wa dereva. Akatoa mkono kwenye mvua, akapapasa kitasa cha nje.

Kitasa kilikuwa kimeshikwa.

Vidole. Vya baridi, vina grisi. Havikumkamata. Vilikuwa vimekaa tu hapo juu ya kitasa, kama mtu anayemngoja mwenzake amalize. Aliporudisha mkono, nusura amwangushe mtoto. Akapandisha kioo. Nje hapakuwa na mtu.

Ishirini na sita. Thelathini.

Akisogeza gari, magurudumu yatapita juu ya baba wa mtoto wake. Asiposogeza, baba wa mtoto wake anapoa palepale. Na yeye yuko kati, kwenye kisanduku cha bati, hana mlango.

Paa. Paa. Paa. Paa.

Mtoto akainama kwenye mapaja yake. Akatazama sakafu ya gari. Akacheka.

Hapo akakumbuka kitufe.

Akasogeza alama mpaka kwenye tairi la tisa. Akabana. Bodi ikaanza kugongwa mfululizo, haina tena moja wala mbili, gari zima likitikisika, viti vikigongana kwenye tela. "Sogea. Sogea. Sogea." Akabana. Kidole kikamuuma. Ishirini na mbili. Thelathini na nne. Picha ikapepesa. Ikapepesa tena.

Ikapotea.

Kukawa kimya, hata mvua aliisikia kama iko mbali.

Kisha mlango wa dereva ukafunguliwa kwa nje. Alikuwa mumewe, tope mwili mzima, midomo imekuwa ya kijivu. Uso wake huo hapo, mzima. Mama Kicheko akaangua kilio. Lakini mume hakumtazama yeye. Alimtazama mtoto, kisha akatazama nyuma, chini ya tela.

"Nani alibaki na mtoto?" aliuliza.

"Nani abaki naye? Si mimi hapa?"

"Acha mzaha, mke wangu. Ulikuja ukalala kando yangu kule chini. Ukanishika hapa." Akagusa kifua, pale kwenye mfuko. "Nikakwambia mkono wako wa baridi, uutoe. Ukakataa."

Mama Kicheko alitia vidole kwenye mfuko ule wa shati, akatoa kifuniko. Hakikuwa na tone la rangi nyekundu. Kilikuwa kimechakaa, na kwenye nyuzi zake za kufungia kulikuwa na udongo mkavu, siku ambayo kila kitu kilikuwa kimelowa.

Walilirudisha tela. Mjane alikigeuza kile kifuniko kiganjani, kisha akakaa chini bila kutafuta kiti.

"Hiki nilimzika nacho," alisema. "Mwenyewe, kwa mkono wangu, nilimfunga kifungo cha mfuko."

Ningependa kusema yaliishia hapo. Lakini skrini ilikuwa imebandikwa kwa gundi, haikubandukika, ikabaki kwenye pikapu. Pikapu hulala uani kwao. Tela halipo tena, ila skrini bado inalichora, matairi yake matatu yana vistari. La nyuma kulia linasomeka. Ni kile kifuniko chenye tone la rangi ya kucha, ambacho hakuna anayejua kiko wapi. Upepo, sifuri. Joto, thelathini na saba. Mama Kicheko amelibania kitufe mpaka ukucha umevunjika, na halifutiki.

Mumewe sasa analala na sweta, na bado kifua chake, pale kwenye mfuko, ukikigusa ni cha baridi. Na Kicheko hacheki tena, isipokuwa akiwekwa karibu na ukuta.

Ukuta wenyewe ndio huu wetu. Toka pikapu ile uani mpaka ukutani hapa nimepima kwa macho, ni hatua chache tu, na skrini ile haisomi mbali. Leo mchana, jua la utosi, nikimnyonyesha wangu, ukuta umegongwa upande wa chini kabisa, karibu na sakafu.

Mara mbili.

Nimemkumbatia mwanangu. Sijasogea.