Magunia Sakafuni kwa Fintan

Jioni ile Delia alipotoka nyumbani, hakuutia mlango komeo. Aliurudishia tu, akaacha upenyo wa kidole kimoja.

Ndani, moto ulikuwa unawaka taratibu. Mezani kulikuwa na sahani ya viazi alivyoviponda pamoja na majani ya kabichi, na katikati ameweka kishimo cha siagi. Hakutia kitunguu. Donal hakupenda kitunguu tangu utoto wake.

Ilikuwa siku ya mwisho ya Oktoba, mkesha wa Watakatifu Wote, ambao siku hizi kila mtu anauita Halloween. Delia alibeba mikate miwili ya zabibu, kila mmoja na pete ya bahati ndani yake, kama mama yake alivyokuwa akioka. Mmoja ulikuwa wa mzee Packie. Mwingine ulikuwa wa Orla na watoto wake. Baada ya hapo angerudi kukaa kando ya moto na rozari yake, amsubiri mwanawe.

Kwani ndivyo alivyofundishwa. Usiku huu marehemu hupewa ruhusa ya kurudi kwao, wale kidogo, wapate joto, waende. Nao hawaingii popote tu. Huingia kwa mlango uleule waliotokea mara ya mwisho wakiwa hai. Padri alipoyasikia hayo alitabasamu, lakini hakuwahi kumkataza mtu kuacha mlango wazi.

Donal alitoka kwa mlango wa mama yake asubuhi moja ya Februari, akavuka shamba kwenda kazini kwa jirani yao Fintan. Hakuingia nyumba nyingine. Ndivyo Fintan alivyosema, na ndivyo alivyoapa mbele ya waliochunguza kifo kile. Alisema siku hiyo yeye alikuwa shamba la mbali, mkewe Rosaleen alikuwa mjini, na nyumba ilikuwa imefungwa. Donal alifika uani peke yake, akaona ndama ametumbukia kwenye shimo la samadi chini ya zizi, akashuka kumtoa. Hewa ya mle chini ikamuua. Ndama naye akafa.

Hilo la ndama ndilo lililomshika Delia mkono katika msiba wake. Watu walimwambia, mwanao alikufa akikiokoa kiumbe kisicho na hatia. Alilirudia kila alipopiga magoti.

Lakini mlango ulikuwa umebaki wazi Halloween ya kwanza, ukabaki wazi ya pili, na Donal hakuja. Asubuhi viazi vilikutwa kama vilivyoachwa. Delia hakumlaumu mtu. Alijichunguza mwenyewe, akatafuta dhambi yake iko wapi.

Packie alikuwa mlangoni kwake, anakwangua tanipu kubwa, mzizi mviringo kama boga dogo, kwa kisu aifanye taa.

"Mtandao mzima umejaa maboga," alisema bila kuinua macho. "Boga ni la kwenye televisheni. Hii ndiyo iliyowatisha babu zetu."

"Watoto watakuja kukugongea, Packie."

"Waje. Nitazima taa nilale sakafuni. Mwaka jana walimaliza pipi zangu za kikohozi, halafu yule wa mwisho akaniuliza kama sina chokoleti." Akapokea mkate, akaunusa. "Na wewe?"

"Mimi nitakaa nyumbani."

Packie aliuweka mkate kando ya tanipu. Alijua.

"Fintan na mkewe wameondoka?"

"Tangu asubuhi. Hotelini, kule baharini."

"Mtu ana ng'ombe wote wale, anakwenda kuoga baharini mwisho wa Oktoba. Na mwaka jana ilikuwa siku hiihii." Alifuta kisu kwenye suruali. "Labda ana ugonjwa wa mapafu. Mimi sijui."

Kwa Orla kulikuwa na vurugu. Mtoto mmoja alijifunga shuka la kitanda, mwingine alikuwa ndani ya boksi lililopakwa rangi, anajiita trekta, na trekta ilikuwa imekwama mlangoni.

"Rudi nyuma kwanza, baba," Orla alikuwa anasema. "Hata trekta za kweli zinajua kurudi nyuma. Karibu, Mama Delia. Usinitazame nywele."

"Mnakwenda wapi?"

"Ukumbini. Tungekuwa tumeshafika." Kisha akajipiga paji la uso. "Mbwa. Mungu wangu, mbwa wa Fintan. Nilimwahidi Rosaleen nitamlisha mapema. Amenisisitizia kama mara kumi, nenda kukiwa na mwanga, usikae ndani. Na sasa tazama nje."

Nje, mwanga ulikuwa umebaki mstari mmoja tu juu ya kinamasi.

"Nipe ufunguo," alisema Delia. "Ni njia yangu."

"Kweli, mama?"

"Wamenifanyia mengi."

Hakutia chumvi. Tangu mazishi, Fintan alimkatia majani yake kila kiangazi, akamletea mabonge ya udongo wa kinamasi ya kuwashia moto, yamekauka vizuri, akayapanga ukutani mwenyewe. Alibeba jeneza kwa bega lake. Ila hawakumkaribisha tena jikoni kwao. Delia alidhani wanamwonea huruma, asipite karibu na zizi lile.

Mbwa alikuwa uani, amejikunja chini ya trela. Alimjua Delia. Alikuja, akatikisa mkia, akamfuata hadi mlango wa jikoni.

Hapo akasimama.

"Njoo, mwanangu. Chakula kiko ndani."

Mbwa alirudi nyuma. Hakubweka. Alirudi hivyohivyo, tumbo chini, hadi akafika trela.

Delia aliingia. Jikoni palikuwa baridi na safi, pananukia sabuni. Aliwasha taa. Ndipo akaona magunia.

Magunia ya kulishia mifugo, matupu, yamefuliwa, yametandikwa moja baada ya jingine kutoka mlangoni hadi mezani. Yaliishia kwenye kiti kimoja. Juu ya kiti hicho walikuwa wametandaza nailoni.

Alifikiri ni kwa ajili ya mbwa. Halafu akafikiri, mbwa hakai kwenye kiti.

Hivi ndivyo mwanamke wa shamba anavyotandika anapomtarajia mtu wa buti chafu.

Alifungua kabati upesi, akachota chakula cha mbwa kwenye bakuli. Akaanza Salamu Maria, kwa sauti ya chini, kama afanyavyo akipanda ngazi.

Taa ilififia… ikarudi… ikafifia tena.

Harufu ndiyo iliyotangulia.

Samadi. Siyo harufu ya zizi ambayo kila mtu wa pale amezaliwa nayo. Ilikuwa ile nzito ya chini kabisa, ya mayai yaliyooza, ile waliyoihangaikia siku nzima kuiosha mwilini mwa mwanawe kabla ya kumvisha suti.

Mlango ulisukumwa. Taratibu, kwa bega, kama afanyavyo mtu ambaye mikono yake imechafuka.

Chwak.

Buti ya mpira, imejaa maji.

Chwak… chwak…

Gunia la kwanza likalowa. La pili likalowa. Alipita karibu naye kiasi kwamba baridi yake ilimgusa Delia kwenye kifundo cha mkono. Koti lilikuwa lile la kijani. Kiwiko kilikuwa na kile kiraka alichokishona yeye mwenyewe.

Akaketi juu ya nailoni.

"Donal," alinong'ona.

Hakugeuka.

"Donal, baba. Ni mama. Kwetu mlango uko wazi. Viazi havina kitunguu."

Alikuwa anatazama kiti cha mwisho wa meza, kile chenye mikono, anachokalia mwenye nyumba. Mikono yake ilizunguka kitu ambacho hakikuwepo, kama mtu anayepasha vidole kwa kikombe cha chai. Kisha akasema. Sauti ilikuwa yake, ya kawaida, sauti ya mtu anayezungumza na bosi wake baada ya kula.

"Umezima mashine, Fintan?"

Akasubiri. Kichwa kilikuwa kimeinama upande, anasikiliza.

Kila mtu wa kijiji kile anajua, hata trekta ya boksi ya Orla inajua. Samadi inapokorogwa kwa mashine, hewa ya sumu inafumuka. Mtu hasogelei shimo. Mtu hashuki mpaka mashine izimwe, na ikishazimwa bado anasubiri sana.

Donal aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amejibiwa.

"Haya. Nashuka kuzibua bomba. Ni dakika moja tu."

Hakumtaja ndama.

Akasimama, akasogeza kiti mahali pake kama alivyolelewa.

"Haijazimwa," Delia alisema. "Donal, usishuke. Amekudanganya, mwanangu, haijazimwa."

Chwak… chwak…

Alimfuata. Alinyoosha mkono kulishika koti na mkono ukapita kwenye baridi tupu. Uani palikuwa giza, na ndani ya giza lile mashine ilikuwa inanguruma, ngurumo nzito ya chuma kinachozunguka ndani ya tope. Fintan aliiuza mashine ile wiki ya mazishi. Delia mwenyewe aliiona ikiburutwa barabarani. Alisikia kifuniko cha chuma kikivutwa. Alisikia buti ikigusa ngazi.

Halafu kimya.

Mbwa alilia mara moja chini ya trela.

Hajui alisimama pale muda gani. Simu ya ukutani ilikuwa inalia jikoni. Akarudi ndani, akakanyaga pembeni, asiyaguse magunia, akaipokea.

"Delia?" Ilikuwa sauti ya Rosaleen, inahema. "Nimempigia Orla, akaniambia umekwenda wewe. Toka humo, mpenzi. Acha mbwa. Toka sasa hivi."

Delia alikuwa anayatazama magunia.

"Delia? Unanisikia?" Kisha, chini sana, "Ameshakuja?"

Swali hilo dogo ndilo lililomvunja. Aliegemea ukuta.

"Miaka yote hii," alisema, "mmekuwa mnamtandikia."

Rosaleen alianza kulia. "Mwaka wa kwanza tulikuwepo. Alikaa hapo, akauliza… Fintan alitapika. Tulidhani atachoka. Mimi nilisema tukwambie, Mungu shahidi wangu."

"Ulikuwa mjini siku ile?"

Upande wa pili Rosaleen alipenga pua.

"Rosaleen. Ulikuwa mjini?"

"Mimi ndiye niliyemmiminia chai."

"Na ndama?"

"Alikuwa amekufa asubuhi, kwa homa. Fintan akamtupa shimoni baadaye. Alisema itakuwa afadhali kwako. Utakuwa na kitu cha kushika."

Delia alifumba macho. Alimwona ndama yule, alivyombeba moyoni miaka yote, alivyomshukuru Mungu kwa ajili yake.

"Mpe Fintan simu."

Ilichukua muda. Kisha akasikia pumzi za mwanamume, fupifupi. Pumzi hizo alizijua. Zilikuwa nyuma yake kanisani kila Jumapili.

"Delia," alisema Fintan. "Nilidhani nimeizima. Naapa. Au nilidhani itazimika yenyewe, mafuta yalikuwa yanaisha… Sikumbuki tena. Kila nikikumbuka inakuja tofauti."

"Mimi sikuulizi."

"Delia…"

"Anayekuuliza ni yeye. Mwaka ujao utakaa nyumbani. Utakaa kwenye kiti chako. Akikuuliza, utamjibu ukweli, asishuke. Labda hapo ataweza kuja kwetu."

"Siwezi."

"Basi usije tena kunipangia mabonge ukutani."

Akaitundika simu.

Mlangoni alisita. Palikuwa na mlango huo mmoja tu wa kutokea, maana wa mbele haukuwa na ufunguo kwake. Akafikiri, kama Mungu atanichukua njiani usiku huu, na mimi nitakuwa nimetokea hapa, na mimi nitarudi hapa. Hofu ilimpita, kisha kitu kama faraja kikafuata nyuma yake. Akalichukua bakuli la mbwa, akatoka, akaliacha kando ya trela.

Alifika kwake. Moto ulikuwa bado hai, viazi havijaguswa. Alipiga magoti kwa sala yake ya kila usiku, mahali pake pa kila usiku, na alipofika kwenye majina ya wafadhili wake, jina la kwanza lilikuwa la Fintan, kama siku zote. Mdomo ulifunguka, jina halikutoka. Alikaa pale magoti yakimuuma. Halikutoka.

Akanyanyuka, akafunga mlango wake kwa komeo. Ilikuwa mara ya kwanza usiku wa Halloween tangu aolewe. Kisha akaufungua tena, akachukua sahani kwa mikono miwili, akavuka shamba gizani. Aliiweka mezani kwa Fintan, mbele ya kiti chenye nailoni, na kijiko kando yake. Mtoto hula pale anapofika.

Alfajiri, akienda misa ya Watakatifu Wote, alipitia pale. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake pamoja na rozari, na hakuwa na nia ya kuurudisha. Gari la Fintan halikuwa limerudi. Mbwa alikuwa bado chini ya trela, bakuli lake halijaguswa.

Ndani, magunia yalikuwa makavu. Yote, kana kwamba hayakuwahi kukanyagwa.

Sahani ilikuwa tupu, imekombwa hadi siagi.

Na kile kiti cha Fintan cha mwisho wa meza, chenye mikono, kilikuwa kimevutwa nyuma, kama mtu anavyomvutia mwenzake anayechelewa kurudi.