Gauni Langu la Kuzikiwa Lilicheza Kanisani

Jamani, mlishawahi kuona nguo yenu ya kuzikiwa inacheza?

Mimi nimeiona! Jumapili ya pili ya Januari, hapa hapa Tabora. Iko kwenye mwili wa mtu mwingine, inazungusha kiuno kwenda altareni na kapu la viazi vya matoleo...

Nikashika benchi.

"Mama, vipi? Presha?" binti yangu Levina akaninong'oneza.

"Levina... lile gauni..."

"Si amependeza? Nilimpa mimi! Lilikuwa kwenye lile sanduku la bati. Umesahau malengo yetu?"

Malengo yetu!

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo. Mnivumilie, natafuta herufi kwa kidole kimoja, na chenyewe kina baridi yabisi.

Levina alirudi kwangu Isevya mwezi wa kumi na moja, ndoa imemshinda huko Igunga. Alikuwa anakaa jikoni, anatazama sufuria hadi maji yanakauka. Mwaka mpya ulipoingia akaamka na karatasi, akaibandika kwenye friji. MALENGO YA MWAKA. La kwanza, kupunguza vitu ndani. La pili, kubadilika. La tatu, kutolia.

"Mama, kitu usichokigusa mwaka mzima, toa. Kinakuzibia baraka."

"Na mimi hakuna aliyenigusa mwaka wa kumi na moja huu. Utanitoa?"

Akacheka! Ilikuwa mara ya kwanza tangu arudi. Kwa kile kicheko ningempa hata bati za paa.

"Toa mwanangu," nikasema. "Toa vyote."

Nikapanda basi kwenda msibani Nzega, siku tatu. Niliporudi, nyumba ilikuwa tupu hadi nikikohoa inanijibu. Sufuria zisizo na mifuniko, redio bubu, viatu vya mguu mmoja... vimekwenda. Nikasifia kweli kweli. Sanduku wala sikulikumbuka.

Sasa niambieni nyie wasomi: nguo ya kuzikiwa mtu anaivaa mara ngapi kwa mwaka?

Lile halikuwa gauni tu. Marehemu mume wangu, Wenceslaus, alikuwa mtu wa reli. Safari yake ya mwisho ya Kigoma alileta kitenge cha Kongo, kijani, kina kasuku wa njano. Tukashona sare. Yeye shati, mimi gauni. Hatujavaa hata siku moja, akafa.

Tukamzika na lile shati.

Mimi gauni nikalikunja, nikatia vidonge vya kufukuza mende, nikadarizi jina langu kwenye upindo kwa uzi mwekundu: APOLINARIA. Nikamwambia pale kaburini, "Nisubiri. Utanijua kwa kasuku."

Levina sikumwambia. Nani anamweleza mtoto habari za kufa kwake, halafu mtoto mwenyewe ndiyo huyo wa kutazama sufuria?

Haya. Na aliyelivaa ni nani?

Josepha wa Chemchem!

Watu wote wa Tabora hii, Josepha! Huyu siku ya msiba wa mume wangu alisema mbele ya wanawake wenzetu, "Apolinaria analia kwa zamu, kama mlinzi." Tangu siku hiyo sijamsemesha. Miaka kumi na moja! Padri akisema tupeane amani, Josepha akinigeukia, mimi naipa mkono nguzo ya kanisa.

Ningefanya nini? Nimvue altareni? Nimwambie Levina, aliyekuwa ametimiza wiki mbili bila kulia?



Jumapili tatu nikawatazama kasuku wangu wakilowa jasho la mtu mwingine. Nimekaa tu, kama mwizi anayeibiwa.

Ya nne nikashindwa. Nikabeba fimbo hadi Chemchem. Nikamkuta uani anachambua karanga za mbegu... amelivaa!

"Josepha!"

"Karibu, Apo. Umechelewa."

"Nimechelewa nini?"

Akageuza upindo. Jina langu lile pale, jekundu.

"Nililiona siku ile ile. Gauni halijavaliwa, vidonge vya mende, jina ndani... Mimi si mtoto. Nikajua hili ni la safari."

"Mshenzi wewe! Ukajua, na bado ukavaa?"

"Nilitaka uje unitukane. Miaka kumi na moja, mayu, mama wee! Ile nguzo umeipa amani mpaka rangi imebanduka."

Nilijiandaa kununa. Mdomo ukanisaliti. Nikacheka hadi fimbo ikaanguka, naye akacheka, karanga zikamwagika uani kuku wakafaidi.

"Lichukue," akasema. "Nilikuwa nakusubiri tu." Akampapasa kasuku mmoja pale kifuani. "Wangu alininunulia nguo moja maisha yote. Tulipoachana akaja kuidai."

Ingekuwa wewe, ungemvua?

Nikashindwa tena.

Tukapatana. Alivae Jumapili. Mimi nikitangulia, ananivalisha kwa mikono yake. Akitangulia yeye, anakwenda nalo. Nikakubali haraka haraka! Mimi nina miaka sabini na nane, presha, miguu imevimba kama magimbi. Yeye sitini na tisa, analima ekari nzima ya karanga peke yake. Nikajua hapo nimempata!

Jumatano moja ya Kwaresima, Josepha aliinama kuinua ndoo ya maji.

Hakuinuka.

Binti yake Recheli akaja kwangu analia. "Mama mkubwa, mama alisema nguo yake ya mwisho unaijua wewe."

Ndugu zangu, mdomo ulikuwa umeshafunguka useme, "Lile ni langu!" Ukasema nini? "Leteni pasi."

Nikampandishia zipu mwenyewe. Mwanamke mmoja akaona upindo, akapiga kelele.

"Tazameni! Apolinaria kamvisha adui yake nguo yake mwenyewe ya kuzikiwa!"

Wakaanza kunishika mikono kama mtakatifu. Levina akanikumbatia.

"Mama... kumbe ndiyo maana siku ile ulishika benchi! Na hukusema! Umebadilika, mama!"

Tuliporudi alikwenda kwenye friji, akaweka alama ya vema kwenye lengo la pili, akaandika jina langu pembeni. Lengo la tatu ndilo alilovunja siku hiyo, na mimi naye.

Sasa hebu fikirieni. Josepha ameshafika huko... amevaa sare na mume wangu! Na jina langu kwenye upindo! Na Wenceslaus macho yake mabovu tangu zamani, yeye alijua watu kwa nguo zao! Mimi niko huku Isevya na magimbi yangu. Kumwahi siwezi, simu haifiki.

Kitenge cha kasuku nimekitafuta soko zima. Hakuna.

Wanangu, kabla hujatoa kitu cha mwenzio, muulize kwanza kinasubiri nini. Na wewe mwenye kitu, sema wakati mdomo unafunguka. Halafu ukitaka kupunguza vitu ndani, anza na kinyongo. Mimi changu nilikitunza miaka kumi na moja, kimenibakizia rafiki wa wiki sita.

Nikifika huko, Wenceslaus atasubiri kidogo. Wa kwanza kumpa mkono ni Josepha, huko sidhani kama kuna nguzo.

Halafu nitamwambia avue!