Gunia la Atieno

Mwalimu Jacktone ametuchosha na dunia zake sambamba. Ati kuna Ndhiwa nyingine mbali na mji wetu huu, na sisi wengine ndani yake, bila shaka wajinga vilevile. Rafiki yangu Achieng alimcheka usoni, akajitwika gunia la mahindi akaenda kusaga kwenye mashine ya unga.

Achieng ni jina la aliyezaliwa jua likiwaka. Marehemu mama yake alizoea kumtania: "Ungechelewa hadi usiku, ungeitwa Atieno."

Gunia lake aliliandika jina lake kwa makaa, kama wateja wote. Mlango ulikuwa umefungwa upepo usipeperushe unga. Alipomaliza kusagiwa, stima ikapotea. Giza likajaa chumbani, mashine ikaguruma chini kwa chini mpaka ikanyamaza.

Mtu akakohoa nyuma yake. Kikohozi hicho alikijua.

"Atieno, beba unga twende nyumbani," sauti ya mama yake ikasema.

"Nakuja, mama," sauti ya Achieng ikajibu. Yeye hakuwa amefungua mdomo.

Stima iliporudi, gunia lake halikuwepo. Mahali pake palikuwa na jingine, unga ungali moto, limeandikwa kwa makaa, kwa mwandiko wake mwenyewe: ATIENO.