Kumbe Ni Tezi!

Fundi cherehani wa mtaa wetu alikuwa na mdomo mwepesi na sindano nyepesi zaidi. Lakini mwaka ule alichoka upesi. Kiu haikuisha. Mara mbili mawe ya figo yalimlaza kitandani.

"Uzee huo, mke wangu," alisema mumewe.

"Uzee wa miaka arobaini na minane? Labda wako!"

Asubuhi moja aliinua pasi ya chuma. Mkono ukalia ka! Mfupa ulivunjika karibu na kiganja.

Aliporudi kutoka hospitali na plasta ngumu mkononi, binti yake akamletea vidonge vya kalisiamu, madini ya kuimarisha mifupa. Jirani yao, muuguzi, akamzuia.

"Subiri, mwanangu. Mfupa hauvunjiki kwa kuinua pasi tu. Na mawe ya figo pia? Twende tukapime damu kwanza."

Majibu yalitoka: kalisiamu kwenye damu ilikuwa nyingi mno. Homoni inayoiongoza nayo ilikuwa juu.

"Sasa nimeelewa!" muuguzi alisema, macho yakimng'aa. "Shingoni tuna tezi nne, ndogo kama punje za mchele. Kalisiamu ya damu ikipungua, zinatoa homoni, na mifupa inaachia kalisiamu yake kidogo. Ikitosha, zinatulia. Yako moja imekua, haitulii. Inachota mifupani usiku na mchana. Ziada inapita kwenye figo, inageuka mawe."

Fundi akaruka. "Kumbe! Mawe, kiu, mkono, vyote mwizi mmoja?"

"Mmoja tu!"

Kisha alipimwa mifupa. Alilala juu ya meza, mashine ikapita juu yake taratibu. Haikuuma hata kidogo. Mifupa ya mgongo na nyonga ilikuwa imepungukiwa madini. Ya mkono ilikuwa na hali mbaya zaidi.

"Tuitoe tezi hiyo," daktari alishauri.

Fundi alishika koo. "Na sauti yangu?"

"Mara chache sauti hudhurika. Tutakuwa waangalifu sana."

Siku ya upasuaji mumewe alizunguka ukumbini mpaka viatu vikamchosha. Fundi alipofumbua macho, mume na binti walimwinamia. Akameza mate.

"Mzee, umevaa shati ndani nje," fundi akasema kwa sauti yake ileile.

Mume alicheka huku machozi yakimtoka. Sauti ipo!

Muuguzi alimwonya, "Ukihisi ganzi midomoni au vidoleni, sema mara moja. Sasa kalisiamu inaweza kushuka." Alipimwa damu tena, akapewa vidonge kwa kipimo cha daktari.

Kiu iliisha. Mawe hayakurudi. Baada ya mwaka alilala tena chini ya mashine.

Daktari alisoma karatasi, akatabasamu. "Mgongo umepanda. Nyonga zimepanda. Mkono umeacha kushuka."

"Kimepanda nini?" mume aliuliza.

"Mifupa yangu, mzee! Imeanza kushiba madini!" Akamshika mkono, wakashuka ngazi wakicheka kama maharusi.