Dole Gumba la Mpika Sabuni

Kituoni kwetu hakuna mlalamikaji aliyewahi kurudishwa mlangoni. Nimekaa kaunta miaka minne, niulize mimi.

Jumatatu asubuhi Bibi Mapovu, mpika sabuni kiwandani, aliweka mche wa sabuni mbele ya Inspekta. Ulikuwa umefungwa kwa taarifa ya pensheni ya mwenzake: jina, michango, kila kitu.

"Kanuni inasema kila mwanachama apewe yake kila mwaka, tena ni siri yake," alisema. "Mimi nastaafu Ijumaa, mwanangu. Sijui nina pensheni au nina mapovu."

Inspekta akaondoka naye, mimi nikibeba wino, hadi kwa meneja wa mfuko wa pensheni wa kiwanda. Tai yake ilikuwa pana kuliko akili zake.

"Taarifa ziligawiwa zote," alisema huku akikata kucha. "Hawa watu wa masufuria wasahaulifu. Daftari la kupokelea hili hapa, kila mmoja katia dole gumba."

"Hawajui kusaini?"

"Mikono ina mafuta, kalamu inateleza. Ndio utaratibu wetu."

Inspekta akatoa kioo cha kukuzia. Alama mia mbili, mistari imejipanga vizuri kama shamba lililolimwa.

"Bibi, nipe dole lako."

Akalipaka wino, akaligandamiza kwenye karatasi. Likatoka doa jeusi. Mstari hata mmoja hakuna.

"Magadi makali hayo," Bibi akasema. "Miaka thelathini. Jikoni kwetu hakuna aliyebaki na mistari."

Inspekta akamgeukia meneja. "Sasa hizi mia mbili za nani? Lete dole lako."

Bwana mkubwa akaficha mkono mfukoni kama mtoto aliyelamba sukari. Ulipotolewa na kupakwa wino, alama zililingana.

"Wangesoma, wangeona michango yao imejenga hoteli ya shemeji yangu!" akafoka. "Nani alijua watashtuka? Wanajua kukoroga tu!"

"Na taarifa zenyewe?"

"Niliziuza dukani za kufungia. Karatasi nzuri ile, kutupa hasara."

Mwizi mkubwa, roho ya senti tano. Akavishwa pingu. Hoteli ikazuiwa mpaka wanachama walipwe.

Alhamisi, Bibi alikuja kutia dole kwenye maelezo yake, taarifa yake mpya kwapani.

"Bibi, mbona hukuja mapema?" Inspekta akamuuliza.

"Nilikuja mara mbili." Dole lisilo na mistari likaninyookea. "Huyu hapa alisema kituo si duka la sabuni. Mche wa kwanza akabaki nao, na karatasi yake."

Inspekta akasogea taratibu, akaninusa shingo.