Mabao Kumi na Manane kwa Bomba la Bati

Jumamosi hiyo ya mwaka 1954, mlango wa uwanja wa chuo, Temeke, haukuwa na pa kutia mguu. Wauza karanga, wanafunzi, makarani na wake zao walikuwa wakisukumana kuwahi nafasi, na katikati ya msukumano bomba la bati likamgonga Auleria Kokuberwa, kofia yake ikaruka.

"Wee bwana! Huoni na hilo debe lako?"

"Samahani sana, bibie. Hili bomba la kutangazia." Kijana akaiokota kofia, akaipangusa vumbi kwa mkono wa shati lake jeupe. "Na ningejua liko karibu na uso mzuri hivi, ningelibeba kwa mikono miwili."

Auleria, ndani ya gauni lake la maua ya manjano, alitaka kununa akashindwa. Ndivyo alivyojuana na Gaudens, karani siku za kazi na mtangazaji wa mechi za chuo kila Jumamosi. Bomba alilitengeneza mwenyewe kwa debe la mafuta ya taa.

Miezi miwili ikapita kwa simu. Mtaa mzima ulikuwa na simu moja, dukani kwa Bwana Matar, naye hakujua siri ni kitu gani.

"Mwalimu Auleria! Yule wako huyo!" alikuwa akiita, hadi wacheza karata wa barazani wanageuza shingo.

"Umekula nini, ua langu?"

"Ndizi. Na wewe?"

"Mie nasikia sauti yako, nishashiba."

"Muongo mkubwa! Jumamosi utatangaza vizuri?"

"Nitatangaza kweli tupu."

Jambo moja Auleria hakumwambia. Revelian Kamugisha, kipa wa chuo, alikuwa kaka yake, tumbo moja. Kwao Bukoba kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, si la baba, na Gaudens, mtu wa Songea, hakuwa na njia ya kujua. Auleria alinyamaza makusudi, maana alitaka kumsikia kaka yake akitangazwa bila kupendelewa.

Na akasikia. Wiki moja kabla ya fainali, mchezo umedorora na watu wanapiga miayo, Gaudens aliinua bomba lake.

"Mabibi na mabwana, namba hazisemi uongo! Msimu huu Revelian kafungwa mabao kumi na manane. Romani, kipa wa akiba, matano tu! Matano!"

Uwanja ukalipuka. "Romani! Romani!" Jumatatu mwalimu wa timu akatangaza kwamba fainali atadaka Romani. Revelian akaitundika kofia yake ya ukipa msumarini, chakula hakugusa. Auleria alipandwa na hasira. Simu ilipolia, hakusubiri salamu.

"Romani kacheza mechi ngapi?"

"Eh? Mbili."

"Na Revelian?"

"Kumi na mbili. Lakini mpenzi, namba zile ni za kweli..."

"Namba za kweli, maneno ya uongo! Mmoja anafungwa moja na nusu kila mechi, mwenzake mbili na nusu. Watoto wangu wa darasa la nne wanajua kugawanya. Ulijua, ukaficha."

Gaudens akakohoa. "Watu walipooza. Nilitaka wachangamke kidogo."

"Umewachangamsha. Revelian ni kaka yangu."

"Mungu wangu! Auleria, si ungeniambia? Nisingethubutu kusema!"

Hapo ndipo alipoharibu kabisa.

"Kwa hiyo angekuwa mtoto wa mwingine, ingekuwa halali?"

"Nitakuja nimwombe radhi. Sie watatu tu, faraghani."

"Ulichosema kwa bati hukifuti kwa kunong'ona. Kiseme kwa bati hilohilo, mbele ya watu walewale. La sivyo, usinipigie tena."

Akaitua simu. Bwana Matar, aliyesikia kila neno, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, kijana mzuri yule. Utamwacha kwa ajili ya hesabu?"

"Bwana Matar, mizani yako ikichezewa, utacheka?"

Mzee akageukia magunia yake.

Fainali ikaja. Romani akadaka, hakufungwa, na chuo kikashinda moja bila. Watu wakambeba mabegani. Auleria aliona mambo yamekwisha. Nani angesema neno siku ya shangwe kama ile?

Gaudens akapanda juu ya benchi.

"Mabibi na mabwana! Wiki iliyopita niliwadanganya. Niliwatajia mabao, nikawaficha mechi. Revelian kafungwa kumi na manane katika mechi kumi na mbili. Romani matano, na kwa leo ndiyo kwanza afikishe mechi tatu. Gawanyeni wenyewe!"

"Shuka!" watu wakapiga kelele. Ganda la chungwa likampiga shavuni. Mkuu wa chuo, Mwingereza, akasimama na kumwambia asikanyage tena uwanjani pale. Gaudens akafuta shavu, akarudia yote tangu mwanzo, neno kwa neno. Kwenye benchi la akiba, Revelian akasimama wima. Auleria alilia hadharani, wala hakujifunika uso.

Jioni hiyo Auleria akamkuta Gaudens nje ya duka la Bwana Matar, bomba kwapani.

"Sina pa kutangazia tena," Gaudens alisema. Kisha akashusha sauti: "Auleria, nikuoe?"

"Wachumba watatu walishafika kwetu, nikawakataa wote. Kwa hesabu yako, una nafasi gani?"

"Hao wamekataliwa wao. Mimi sijacheza hata mechi moja."

Auleria akacheka, kicheko kilichokuwa kimefungiwa wiki nzima. "Umejifunza. Sasa mbona unanong'ona?"

Gaudens akaelewa. Akaligeuza bomba kuelekea mtaani na kuuliza upya, hadi karata zikadondoka barazani na madirisha yakafunguka.

Auleria hakuhitaji bati. Kila siku alikuwa akisomesha watoto hamsini katika chumba kimoja. Alijibu "Ndiyo!" mara moja tu, na Bwana Matar, huko nyuma kabisa kwenye magunia ya mchele, akaisikia.