Ukurasa wa Waliotangulia

Mchungaji Naftaly alikutwa amelala kifudifudi mbele ya mimbari, miwani imevunjika chini ya shavu lake na kisogo kimepasuka. Ilikuwa Ijumaa moja ya Julai, mwaka 1956, saa kumi na mbili na robo asubuhi. Kengele ya sala haikuwa imelia.

Chuo cha wachungaji kilikuwa juu ya mji wa Nakuru, ubavuni mwa Menengai, mlima wenye shimo kubwa la volkano, ambako mvuke hutoka ardhini na watu husema ni pumzi za waliofia shimoni zamani. Inspekta Obeid Darweshi hakuamini mambo hayo. Babu yake alikuja Nakuru na reli kutoka pwani akafungua duka, na mjukuu, baada ya miaka kumi na tano ya upolisi, alikuwa amejifunza kuwaogopa walio hai. Lakini asubuhi ile, akipita kwenye ukungu na kusikia nyayo zake mwenyewe zikimfuata, aliinua kola ya koti na kusoma dua fupi. Tusimcheke. Wengine wetu tungerudi mjini.

Koplo Kimaiyo alimngoja mlangoni mwa kanisa.

"Daktari anasema ni pigo moja tu, afande. Kitu kizito ya mviringo. Mtu amekufa saa kumi na moja hivi, saa kumi na moja na nusu."

"Nani alimwona kwanza?"

"Mpishi, anaitwa Mugure. Tumeweka yeye jikoni. Damu iko kwa mikono na kwa leso." Kimaiyo alishusha sauti. "Mkubwa amepiga simu. Anasema mama ni Mkikuyu, damu iko, basi kazi imekwisha. Lori ya kambini inakuja kesho saa saba."

Siku zile za hali ya hatari, serikali ikiwawinda Mau Mau, Mkikuyu aliyepandishwa lori la kambi ya kizuizini hakuwa na wa kumsemea. Watu walirudi baada ya miaka, na wengine hawakurudi.

Mugure alikuwa amekaa kwenye gunia la mahindi, mikono ameiinua kidogo kama mtu asiyetaka kuchafua nguo.

"Uliingia kanisani kufanya nini?"

"Kupeleka chai, bwana. Kila siku mwalimu anaomba huko mapema, kabla ya kengele. Nikakuta ameanguka. Nikainua kichwa yake."

"Uliona mtu?"

"Sikuona. Nilisikia maji tu, ule mfereji wa nje. Nikasema, nani huyu anaoga na hii baridi?"

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo." Akamtazama usoni. "Niko na watoto wawili hapa. Nikienda na ile lori, wao wataenda na nani?"

Obeid alifunga daftari lake. Alitoka nje, akaenda moja kwa moja kwenye kengele.

Kengele ya chuo ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye nguzo. Cha kuigongea kilikuwa chuma kinene, urefu wa mkono, kinachotundikwa kwenye msumari kando yake. Obeid alikishusha kwa leso ya mfukoni. Kilikuwa safi, na unyevu ulikuwa bado umebaki kwenye tundu la kamba.

Mtaalamu wa alama za vidole alikipaka unga, akakigeuza, akatikisa kichwa.

"Hakuna hata moja, afande."

"Wanafunzi kumi na wawili wanakishika kwa zamu kila siku, na hakuna hata moja?" Obeid alimgeukia Kimaiyo. "Gaidi wa msituni angekiosha chuma, kisha akirudishe kwenye msumari wake?"

"Angetupa, afande."

"Mtu wa hapa hapa ndiye huona aibu kuacha kitu si mahali pake."

Aliwahoji wanafunzi wote kumi na wawili. Wote walilia, wote walikuwa wamelala, na wote walimpenda marehemu. Wa mwisho aliitwa Kipkemei, kijana mrefu mwenye shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo vyote. Huyu ndiye aliyekuwa fahari ya chuo. Wiki ijayo angekwenda Uskochi kusomea shahada ya juu ya theolojia, mtu wa kwanza kutoka chuo hicho, na sherehe ya kumuaga ilipangwa kufanyika kesho yake.

"Mara ya mwisho kumwona mwalimu?"

"Jana, baada ya chakula cha jioni."

"Mlikosana?"

"Alinifundisha Kigiriki, bwana. Nafasi yangu huko Uskochi ni yeye aliiomba."

"Sikuuliza hivyo."

"Hatukukosana."

"Mama yako atakuja kesho?"

Kikombe cha chai kilisimama kabla ya kufika mdomoni. "Nani amesema?"

"Mkuu wa chuo. Anasema Naftaly alikwenda Kuresoi Jumanne kumwalika yeye mwenyewe."

"Mimi sikutaka asumbuliwe. Amezeeka, na baridi ya huko ni mbaya."

Obeid alimwacha aende, lakini neno lile halikumtoka. Mtu anavuka bahari miaka minne, halafu hataki mama yake aje kumuaga? Yeye mwenyewe, alipohamishiwa Naivasha tu, mama yake Mastura alimfuata hadi stesheni na sufuria ya pilau.

Jumamosi saa tatu asubuhi nguo za marehemu zilirudi kutoka chumba cha maiti. Mfukoni mwa koti mlikuwa na kitabu kidogo cheusi. Mkuu wa chuo, mmishonari mzee aliyekuwa amekesha akilia, alikitambua mara moja.

"Ni kitabu chake cha maombi. Kurasa za mbele ni wanafunzi, kila mmoja na jina la mama yake. Anawaombea kila alfajiri kwa majina. Ukurasa wa nyuma ni wa waliotangulia."

"Anawaombea wafu?"

"Hapana. Anamshukuru Mungu kwa ajili yao."

Obeid alipekua taratibu. Kwenye ukurasa wa wanafunzi, jina la Kipkemei lilikuwa limekatwa kwa mstari mmoja. Chini yake Naftaly alikuwa ameandika: *Na kijana huyu, ambaye Wewe, Bwana, unalijua jina lake.*

Alifungua ukurasa wa nyuma. Jina la mwisho lilikuwa na wino mpya: *Kipkemei wa Chepkemboi, aliyeungua mkono wa kushoto utotoni. Kuresoi, Jumanne.*

Nywele zilimsimama Obeid. Nje ya dirisha mvuke wa Menengai ulikuwa ukipanda polepole, na safari hii hakutaka kuutazama.

"Mwalimu amewahi kukosea humu?"

"Naftaly? Hata siku moja."

"Basi nieleze, mzee. Huyu mtu jana alikunywa chai mbele yangu. Amefikaje kwa wafu?"

Walimkuta kijana kanisani, amekaa benchi la nyuma. Damu ilikuwa imeshasafishwa lakini ubao ulikuwa na doa ambalo halingetoka tena. Kimaiyo alisimama mlangoni.

"Kunja mkono wa shati," alisema Obeid. "Wa kushoto."

Kijana hakusogea.

"Kunja."

Alifungua kifungo, akaukunja mpaka kwenye kiwiko. Ngozi ilikuwa laini, nzima, bila kovu lolote. Waliitazama wote watatu.

"Kipkemei yuko wapi?"

Kijana aliushusha tena mkono wa shati. Kisha akaanza kusema, na sauti iliyomtoka haikuwa ile ya mhubiri.

"Tulifanya kazi pamoja kwa mashine ya mbao, huko Molo. Yeye akapata barua ya kuingia chuo, na pasi ya kusafiri. Mimi sikupata kitu. Nikasema nitamsindikiza. Tukakata msituni, mvua ikatupiga siku mbili, akashikwa na kifua. Nikachukua barua na koti lake."

"Baada ya kufa."

Kijana aliinamisha kichwa.

"Nimekuuliza. Alikuwa amekufa?"

"Alikuwa anapumua bado."

Kimaiyo alisema neno kwa Kikalenjin, neno fupi.

"Kulikuwa na nyumba za watu karibu?"

"Mwendo wa saa moja. Nilisimama nikaanza kwenda kuita watu. Halafu nikafikiri, akipona, ataenda yeye." Alifuta uso kwa kiganja. "Siku ya tatu nilirudi. Nikamzika. Tangu hapo kila mwezi nimemwandikia mama yake barua, katekista anamsomea. Niliona nikiacha kuandika, ndiyo nitakuwa nimemuua."

"Na mwalimu?"

"Mama alimwambia habari ya mkono, jinsi mtoto aliangukia jiko. Mwalimu alikuwa ameniona mara nyingi tukichota maji, mikono wazi. Akarudi, akaniita."

Naftaly alikuwa miongoni mwa ndugu wa uamsho, wale ambao kila Jumamosi husimama mbele ya wenzao na kuzitoa dhambi zao nuruni, kila mtu kwa kinywa chake. Ilikuwa desturi nzuri, na ndiyo iliyomuua. Mtu mwingine yeyote angemnong'oneza hata mkewe. Yeye alimpa kijana siku nne, aungame mwenyewe mbele ya ndugu na mbele ya mama, na katika siku hizo hakumwambia binadamu mwingine. Aliandika kitabuni tu, kwa sababu hakuweza kumtajia Mungu jina la uongo.

"Jana nilikwenda kumsihi," alisema kijana. "Nikasema, niache nisome, nitahudumu maisha yangu yote kulipa. Akasema nisihubiri ufufuo nikiwa nimevaa koti la maiti. Halafu akapiga magoti aniombee. Alinipa mgongo."

"Chuma kilikuwa mkononi mwako."

"Nilikichukua nje. Sijui kwa nini." Alitazama ubao wenye doa. "Najua."

Obeid alitoa karatasi ya maelezo. "Jina?"

Kijana alifungua mdomo, ukabaki wazi. Ilimbidi alitafute.

"Kibiegon. Wa Chepkorir."

Saa sita Mugure aliachiliwa. Hakushukuru mtu, na hakuwa na sababu ya kushukuru. Aliwashika watoto wake mikono, akasimama nao mlangoni mwa jikoni hadi lori la kambini lilipokuja, likageuza, likaondoka bila yeye.

Nyuma ya lori hilo likaja lingine, la viazi, kutoka Kuresoi. Bibi mmoja mwembamba alishuka, kibuyu cha maziwa kwapani. Obeid alikwenda kumpokea, ameshapanga maneno. Bibi alimpita. Alikuwa amemwona kijana aliyesimama kati ya askari wawili, na macho yake hayakuona mbali vya kutosha kuona pingu.

Aliushika mkono wa kushoto. Akaupapasa kwa kidole gumba, kutoka kifundo hadi kiwiko, mara mbili. Kisha akauachia.

"Huyu si yeye," alisema, na Kimaiyo akatafsiri.

Kibiegon alimwambia mwenyewe, kwa lugha yao, hapo hapo uwanjani, yeye ni wa nani na wapi alimzika mwanawe: mto gani, mti gani, jiwe gani. Bibi Chepkemboi alisikiliza bila kupiga ukelele. Kibuyu tu ndicho kilichomteleza kwapani, Mugure akaja kukipokea na kumkalisha kwenye ngazi ya kanisa.

"Zile barua," bibi aliuliza. "Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Na mama yako, ulimwandikia?"

"Hapana."

"Anajua uko hai?"

"Walishanililia. Wanajua nilipotea msituni."

Bibi akamgeukia Obeid.

"Mpe karatasi. Kwao ni jirani ya kwetu. Nitapeleka."

Sheria haikuruhusu, na Obeid aliijua vizuri. Alirarua ukurasa wa daftari lake, akampa na kalamu. Kibiegon alipiga magoti kwenye ngazi, pingu zikigonga jiwe, akaandika kwa mwandiko mzuri wa msomi: *Mama mpendwa, ni mimi mwanao Kipkemei.*

Alilitazama jina hilo kwa muda. Kisha akalikata kwa mstari mmoja.